Mkeka wa Kasongo

Likasi, 9 Februari 1975

Mama Mawazo,

Salaam kwako, kwa binti yetu, na kwa Mama Bijou wa jirani, ambaye najua atataka kusomewa barua hii kabla wewe hujaimaliza.

Nimefika mzima, kama fundi aliyeanguka kutoka paa la shule anaweza kuitwa mzima. Shoferi jirani yetu aliendesha lori lake taratibu tangu mtaani kwetu Naviundu, lakini barabara ilinikumbusha kila mfupa niliovunja mwaka jana. Masista wa misheni walinipokea mlangoni kwao. Nimepewa kitanda kando ya dirisha, na kwa mbali naona moshi wa kiwanda cha shaba, basi nikijisahau nadhani niko nyumbani.

Sasa cheka. Matibabu yenyewe hayana sindano wala dawa ya kuchua. Kila alfajiri tunalazwa sakafuni, wagonjwa wote wa mgongo na nyonga, na mwalimu anatufundisha kupumua. Nilimwambia, "Mimi niko napumua tangu nizaliwe, hakuna muntu alinifundisha." Akanijibu, "Uko unapumua kama muntu anafukuzwa na imbwa. Anza tena." Wanaiita yoga. Mwambie mama yako asianze kulia, si dini ya mtu. Ni kujinyoosha, kujikunja na kutulia, mambo yale yale kila siku, bila kuruka hata siku ya mvua, na asiyetaka arudi kwao. Mimi sitaki, ila miguu ya kunirudisha kwetu ndiyo sina.

Sakafu ni saruji, na baridi yake inaingia hadi kwenye meno. Nitumie mkeka wowote uliopo.

Mumeo,
Feruzi


Lubumbashi, 17 Februari 1975

Baba Mawazo,

Barua nimeipata, na Mama Bijou amesomewa. Amecheka mpaka akashika ukuta. "Bwana yako banamufundisha kupumua? Sasa mbele alikuwa anaishi na nini?"

Nilitafuta mkeka wowote. Ule wa jikoni umeliwa na panya, wa Mawazo umekuwa mfupi kama leso. Basi nimekutumia mkeka wetu. Unaujua. Bibi Alima aliusuka kule Kasongo kwa mikono yake mwenyewe, ukaja kwa treni pamoja nami nilipokuja kuolewa. Alichosema mbele ya wazee ulikisikia, ingawa siku hiyo macho yako yalikuwa kwenye sahani ya pilau. Mkeka wa ndoa haulaliwi na mwanamke mwingine. Na mke akiomba arudishiwe mkeka wake, amejiomba yeye mwenyewe, ndoa imekwisha. Kwetu hatuendi mbali zaidi ya hapo kuvunja nyumba. Kwa hiyo utandike, ujinyooshe unavyoambiwa, uukunje, uuweke karibu na kichwa chako.

Nyumba imekuwa kimya. Miezi yote ile nilikugeuza ubavu huu na ubavu ule, nikakuinua kukuosha, nikakulisha. Ukanitupia kikombe kwa sababu uji ulikuwa moto, ukanitupia kingine kwa sababu umepoa. Sasa hakuna wa kumgeuza, lakini bado naamka saa zile zile. Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, mtaa mzima ulizibua mitaro, mimi nikashindwa kuinama, nikabaki nimeshika jembe. Mkuu wa mtaa akaniuliza kama siku hizi nimekuwa mke wa waziri.

Usiucheke mwandiko. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati.

Wako,
Amida


Likasi, 11 Machi 1975

Amida wangu,

Kaa chini kwanza, ndipo usome.

Jana asubuhi nilipiga magoti juu ya mkeka wa Bibi Alima, nikakalia visigino, nikainama mbele polepole kama tunavyofundishwa, nikitoa pumzi kila nikishuka. Paji la uso likagusa mkeka. Unajua tangu nianguke nasali nimelala au nimekaa kitini, naitazama sijida ya wenzangu kwa kijicho. Huku umbo lile wanaliita la mtoto. Mimi nilijua jina lake jingine, nikalia pale pale mbele ya watu.

Haikuja kirahisi. Nilikuwa napinda kiuno upande, nakimbia maumivu, na nikikimbia yananifuata. Constance aliniambia mpaka akachoka, sikuelewa. Mwishowe alilala yeye mwenyewe juu ya mkeka, akanionyesha jinsi mgongo unavyoshuka mfupa baada ya mfupa. Kisha akaniwekea mkono kiunoni, akasema, "Pumua hapa, hapana kwa shingo." Nikapumua hapo. Tangu siku hiyo nalala usiku bila kuugulia.

Jambo jingine utalipenda. Sijamfokea mtu tangu mwezi uliopita, hata mgonjwa wa kitanda cha pili anayekoroma kama lori la shoferi wetu. Hasira ikija naingoja, naihesabu kama wageni, inapita. Constance anasema hasira yangu ilikuwa imekaa kwenye mbavu. Constance anasema mwili wa fundi unajifunza haraka kwa sababu umezoea kurudia.

Mumeo anayesujudu,
Feruzi


Lubumbashi, 15 Machi 1975

Feruzi,

Nimefurahi umesujudu. Naanza na hilo ili usije ukasema sikufurahi.

Constance ni nani?

Kwenye barua ya kwanza alikuwa "mwalimu", hata sikujua kama ni mwanamke. Tangu serikali ikataze majina ya ubatizo, hata padri anaitwa citoyen, mwananchi, na jina la babu yake. Mume wa Mama Bijou humwita mkewe Victorine, lakini ndani, mlango umefungwa. Jina la namna hiyo siku hizi ni la chumbani. Wewe umeliandika na kuliandika tena kwenye barua iliyopita mikononi mwa shoferi, na kila nilipolikuta lilinichoma upya.

Halafu amelala. Juu ya mkeka wetu. Nilikuambia maneno ya Bibi Alima kwa wino, si kwa kunong'ona, na hukungoja hata mwezi uishe ukamlaza mwanamke mwingine juu yake, ukaketi kando kutazama mgongo wake unavyoshuka. Mfupa baada ya mfupa! Kisha akakuwekea mkono. Anavaa nini mwanamke huyo akilala mbele ya wanaume? Ana umri gani? Ana mume?

Nina wivu, Feruzi. Sitalizungusha neno. Tena si mkono wake tu. Hasira yako niliijua mimi kabla haijaenda kukaa kwenye mbavu, ilikuwa inakaa kwenye vikombe vyangu. Miaka yote nilimwomba Mungu anipe mume anayengoja hasira ipite. Sasa amempa Constance.

Mwandiko umepinda kwa sababu nimesimama muda mrefu. Usidhani nalia.

Mama Mawazo


Likasi, 28 Machi 1975

Mama Mawazo,

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikaa, nikavuta pumzi, nikaitoa, nikangoja moyo utulie. Ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Ni citoyenne Kasonde. Masista walimlea hapa tangu mtoto, na ndani ya ukuta huu jina la Constance halijawahi kutoka. Hata mpishi humwita hivyo. Yoga alifundishwa na sista mmoja wa Uhindi aliyekuwa akiugua mgongo mwenyewe. Mume hana. Umri sijamuuliza, ila mzee si mzee. Anavaa suruali, lakini humu ndani tu, nje anajifunga kitenge kama wote.

Kuhusu mkeka nilisahau. Uliandika, nikasoma, nikasahau, kwa sababu siku ile nilikuwa na maumivu na nilitaka yaishe. Ni kweli hata siku ya ndoa nilikuwa natazama pilau.

Sasa kuna habari. Masista wanahitaji fundi wa kutengeneza vitanda na fimbo za kutembelea, na Constance anataka mtu wa kumsaidia alfajiri na wagonjwa wapya, mtu aliyepita njia hiyo. Wameniomba nibaki. Kuna chumba. Paa siwezi kupanda tena, unajua. Sijajibu, nakuuliza wewe.

Na wewe jaribu kupumua, Amida. Wivu ni pumzi iliyokwama tu, ukiitoa unatoka nayo.

Feruzi


Lubumbashi, 5 Aprili 1975

Kwa citoyenne Kasonde, mwalimu wa wagonjwa, Likasi

Hunijui. Mimi ni mke wa Feruzi, yule fundi wa mbao anayelala kando ya dirisha.

Mume wangu ameniandikia kwamba wivu wangu ni pumzi iliyokwama. Hayo si maneno yake, maana mume wangu hakuwa na maneno ya namna hiyo. Nadhani ni yako. Basi nakurudishia, yamefika kwa mtu asiyeyataka.

Ulilala juu ya mkeka wangu wa ndoa. Ulimshika kiunoni. Sasa unataka abaki huko, na chumba kipo. Huku mwanamke akivaa suruali vijana wa chama wanamkamata barabarani, lakini kumbe ukiwa na ukuta wa masista unaweza kuvaa na kuchukua waume za watu.

Nakuuliza kwa heshima, kwa sababu nimelelewa. Unampenda? Ukisema ndiyo nitaumia, lakini nitajua nimesimama wapi. Ukisema hapana nitajaribu kukuamini.

Mama Mawazo, Naviundu


Likasi, 14 Aprili 1975

Mama Mawazo,

Nakusalimu. Barua yako imeniuma, nami nimeona bora nijibu kila jambo.

Mkeka niliulalia, ni kweli. Hakuna aliyeniambia ni mkeka gani. Ningejua, ningelala juu ya saruji. Nakuomba radhi kwa hilo, bila "lakini" yoyote.

Kiuno ninawashika wote, wanaume kwa wanawake, hata padri mzee wa parokia. Mgongo haujifunzi kwa kusikia. Maneno ya pumzi iliyokwama niliyasema kuhusu bega la mgonjwa mmoja. Mumeo ameyachukua akayapeleka kwenye wivu wako, na huo ni ujinga wake mwenyewe, usinibebeshe.

Unauliza kama nampenda. Napenda kazi yangu ikifaulu, na yeye amefaulu. Ananichekesha pia, sitakudanganya. Asubuhi asipofika naona ukumbi una baridi zaidi. Ni hayo tu, na nimeyasema kwa sababu umeuliza kama mtu aliyelelewa.

Nimalize na jambo moja. Wagonjwa wa namna yake wanaletwa kwangu na vidonda vya kitanda hadi mfupa unaonekana. Yeye alikuja na ngozi safi kama ya mtoto. Nilimuuliza, "Nani alikuwa anakugeuza?" Akasema, "Ni muke yangu." Nikamuuliza, "Na nani?" Akasema, "Yeye peke." Yoga haifanyi kitu kwenye mgongo uliooza. Mimi nimejenga juu ya kazi yako, mama.

Kasonde Constance


Lubumbashi, 18 Aprili 1975

Feruzi,

Mwalimu wako ameniandikia barua ndefu na nzuri. Nimeisoma mpaka karatasi ikalegea, na nilichobaki nacho ni kwamba unamchekesha, na kwamba usipokuwepo ukumbi una baridi.

Mimi hunichekeshi tangu ulipoanguka. Mimi ulinipa mizigo, yeye unampa vichekesho.

Baki huko kama unataka. Tengeneza vitanda. Sitakuja kuishi chumba cha pili katika nyumba ambayo mwanamke wa kwanza ni mwingine.

Naandika nimesimama, kama kawaida, na sina mengi ya kuongeza. Nirudishie mkeka wangu. Unajua maana yake, safari hii hakuna pilau mbele yako.

Amida, mjukuu wa Alima wa Kasongo


Likasi, 30 Aprili 1975

Amida,

Mkeka siurudishi. Ngoja nikueleze.

Barua yako ilinikalisha macho wazi siku nyingi. Leo alfajiri nililala chali juu ya mkeka kwa zoezi la mwisho, lile la kutulia kabisa. Tunaanza na miguu, tunauliza kila kiungo kama kinauma, tunangoja kijibu. Nikafika mgongoni. Nikauliza. Kimya. Hakuna kilichouma, kwa mara ya kwanza tangu nianguke. Nikajiuliza, yale maumivu yote yamekwenda wapi?

Hapo nikakusikia. Nilisikia sauti uliyokuwa ukiitoa kila ukiniinua kuniosha, ile ya meno yaliyobanwa. Miezi yote nilidhani ni hasira, kwamba umenichoka, na ndiyo maana nilikuwa natupa vikombe. Leo hii nafundisha wagonjwa wapya kuitambua sauti hiyo. Si ya hasira. Ni ya mtu ambaye mgongo wake unakatika.

Niliinuka nikazitoa barua zako. "Naandika nimesimama." "Nimesimama muda mrefu." "Nimesimama, kama kawaida." Kwenye salongo ulishindwa kuinama. Mwili huu una uzito wa mlango wa mbao ya mulombwa, nawe ulikuwa unaugeuza peke yako usiku na mchana. Mimi nikakuandikia, kaa chini kwanza, ndipo usome.

Huwezi kukaa, Amida. Tangu lini huwezi kukaa?

Leo pumzi hazikunisaidia. Nilifoka peke yangu mpaka masista wakaja mbio. Constance alipouliza, nilimweleza, akasema, "Sasa ndiyo umepona. Kwenda kwenu." Kazi yao nimeikataa. Alinipa kila kitu anachokijua kuhusu mgongo, nami nimemwomba anirudie yote tangu mwanzo, lakini safari hii kwa ajili ya mwanamke.

Nakuja kwa treni ya Jumatano. Usije stesheni, usimtume mtu. Nitatembea hadi Naviundu kwa miguu yangu, mkeka begani. Ukiwa bado unautaka ili kuvunja nyumba, nitaukabidhi mlangoni na kurudi. Lakini kwanza ulale juu yake, mara moja tu, nikuonyeshe.

Feruzi


Lubumbashi, 20 Agosti 1975

Citoyenne Kasonde,

Naandika nimekaa.

Nilitaka ulijue hilo kabla ya salamu, maana najua wewe ndiye utakayeelewa. Nimekaa kwenye kiti, miguu chini, mgongo wima, na tangu nianze barua hii sijainuka.

Alifika ile Jumatano jua likiwa juu, jasho linamtiririka, amechelewa kwa sababu kila mtu njiani alimsimamisha kumwona anatembea. Sikumpokea mkeka. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu asubuhi, lakini aliutandika ukumbini, akapiga magoti kando yake akaningoja. Ningemfanyia jeuri, ila kushuka chini nilishindwa. Nilishika ukuta, nikashika bega lake, nikatoa ile sauti. Akaanza kulia kabla yangu.

Tulianza na kulala tu. Kwa wiki nyingi hatukuenda zaidi ya hapo. Mimi si mwanafunzi mzuri. Nilimwambia, "Hii ni kazi ya bantu habana kazi." Nilitoroka siku mbili nikauza maandazi, akanifuata hadi sokoni, hakufoka, alisimama tu mbele ya meza yangu akavuta pumzi mpaka wateja wakauliza kama ni mgonjwa. Nikarudi kwenye mkeka kwa aibu. Sasa hata akichelewa kuamka ninamwamsha mimi. Na yale maneno yangu makali yaliyokuwa yakinitoka kabla sijayafikiri, siku hizi yananingoja kidogo mdomoni, mengine nayameza.

Mengine siyamezi. Ndiyo sababu nakuandikia.

Akiniwekea mkono kiunoni na kusema, "Pumua hapa, hapana kwa shingo", ninakusikia wewe. Maneno ni yako, hata namna ya kufungua vidole naona si yake. Roho inaniruka kila asubuhi. Nilimwambia atafute maneno mengine, akajaribu, mgongo wangu haukushuka. Ikabidi arudie yako. Kwa hiyo kila siku napona kwa mkono wa mwanamke ninayemwonea wivu. Sijui Mungu amenikusudia nini, lakini wivu upo na mgongo unashuka, vyote viwili kwa pamoja.

Feruzi amefungua karakana ndogo uani. Alfajiri, kabla ya randa na msumeno, wanakuja wanawake wa hapa wenye migongo iliyochoka kwa magunia ya makaa na ndoo za maji, Mama Bijou akiwa wa kwanza. Yule aliyecheka mpaka akashika ukuta, sasa anafundishwa kupumua kama wote. Feruzi anasimama mbele na kuonyesha, maana ndiye anayejua. Anayepita kuwashika viuno ni mimi. Hilo tulielewana tangu siku ya kwanza, na kila mmoja anakuja na mkeka wake.

Anakusalimu. Nimemwambia nitaandika salamu zake mimi mwenyewe kwa mkono wangu, nazo ni hizo.

Usituombe radhi tena. Kwenye barua yako uliandika umejenga juu ya kazi yangu, na siku ile nilikuwa kipofu kwa wivu, sikuliona neno hilo. Sasa nimeliona. Chumba chetu cha nje kiko wazi, na lori la shoferi wetu linapita Likasi kila wiki. Njoo ututembelee, Constance.

Lakini uje na mkeka wako.

Amida